Kijiko cha Kwenye Msumari

Mnaocheka mkisikia nimestaafu, chekeni kwanza mmalize. Najua mstaafu mnayemjua ninyi ana mvi, ana redio ya mkulima na anafuatilia kiinua mgongo. Mimi sina hata kimoja. Lakini kazi ya tambi niliianza, nikaijua, nikaiacha, na sina mpango wa kuirudia. Kama huko si kustaafu, nipeni jina lake.

Nawaandikia ninyi mlionijia juzi, wengine kutoka Mtunda, wengine wa hapa hapa Kibiti mjini, mkitaka niwafundishe. Mmeona kwenye simu watu wa nchi za mbali wakivuta tambi ndefu kutoka kwenye bakuli la supu, mmeona foleni zao, mkasema kwa nini isiwe huku. Swali zuri. Na mimi nililiuliza nilipotoka chuo na shahada ya sosholojia na bahasha ya vyeti ambayo hakuna ofisi iliyojisumbua kuifungua. Nitawafundisha. Ila nitaanza na habari za Bi Somoe na jinsi mgahawa wake ulivyofungwa, kwa sababu mkiielewa hiyo, mengine yaliyobaki ni unga na maji.

Mgahawa ulikuwa nyuma ya stendi, ukishawapita wauza machungwa. Mabati juu, meza tano, mabenchi, na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: TAMBI ZA SUPU. Mwenyewe, Bi Somoe, alikuwa mjane wa Kindengereko, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Zamani alifanya kazi jikoni katika kambi ya wageni waliokuja kujenga barabara. Mpishi wao, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "leta" na "bado", ndiye aliyemfundisha tambi. Kambi ilipovunjwa, wageni waliondoka na mitambo yao, Bi Somoe akabaki na tambi. Jikoni tulikuwa watatu: yeye, Tatu ambaye ni mtoto wa dada yake, na mimi, Rukia. Wateja waliniita Bi Maswali, na mtaona kwa nini.

Kitu cha kwanza kitakachowapiga chenga si unga, ni sukari. Kwetu sisi tambi ni tamu. Zinakaangwa, zinatiwa tui na hiliki, zinaliwa Ramadhani. Mtu akiagiza tambi halafu akaletewa bakuli la mchuzi wa moto wenye vichwa vya kamba, anajiona ametapeliwa. Mzee Pazi, fundi baiskeli wa jirani, Mmatumbi wa kule vilimani, siku yake ya kwanza alionja kijiko kimoja, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma yake.

"Shemeji," akamwita Bi Somoe, maana marehemu mumewe alikuwa rafiki yake, "sukari umeificha wapi?"

"Hiyo haina sukari."

"Haina sukari? Kafa nani?"

"Utakufa wewe ukiendelea kunipigia kelele. Kula."

"Wandengereko mna roho ngumu. Tambi za watu zimekukosea nini mpaka uzichemshe na samaki?"

Alikula mpaka akaliinua bakuli na kulimalizia kwa mdomo. Kesho yake alirudi. Tangu siku hiyo, kila akikaa aliomba sukari kwanza, na kila siku Bi Somoe alimtukana kwanza ndipo akampa chakula. Ule ulikuwa utani wao, na wateja wageni walidhani wanagombana.

Sasa unga. Unga wa ngano, chumvi kidogo, na maji yaliyolowekwa magadi, haya haya mnayotia kwenye maharage. Myaloweke tangu asubuhi, mchuje kwa kitambaa safi, mtumie maji ya juu tu. Magadi ndiyo yanayoipa tambi rangi ya manjano na kuifanya isilegee kwenye supu. Yakizidi, mmekwisha. Mwezi wangu wa kwanza niliyazidisha kwa kuwa nilitaka kujua kikomo chake kiko wapi. Nilikijua. Mzee Pazi alikula nusu bakuli, akajipapasa tumbo na kusema, "Bi Maswali, leo hujanilisha, umenifua."

Donge la tambi ni gumu, halikandiki kwa mikono kama la chapati. Yule mpishi wa kambini alitumia mti wa mwanzi. Bi Somoe aliagiza boriti ya mkoko kutoka delta. Ncha moja aliichomeka kwenye tundu la ukuta, donge akaliweka chini ya boriti juu ya meza, ncha ya pili akaikalia upande upande na kudundadunda taratibu, boriti ikashindilia. Mara ya kwanza nilipoona nilifikiri mama wa watu amepatwa na kitu. Alikuwa amefunga pazia ili asionekane. Nikamuuliza, "Unachoficha ni nini? Watu wakikuona unavyohangaika wataamini tambi hazikutoka kwenye pakiti." Alinuna siku nzima. Kesho yake pazia lilikuwa limefungwa kando, watu wamesimama mlangoni, na Mzee Pazi anapaza sauti, "Shemeji, ukifika Ikwiriri nisalimie!"

Nalisema hili ili msifikiri kuuliza kwangu kulikuwa hasara tupu. Hata sinia lilitokana na swali. Siku moja walikuja vijana watatu kutoka Umwe, marafiki wa kufa na kuzikana, wakaagiza tambi. Tukampa kila mmoja bakuli lake kama tulivyofundishwa. Walikula kimya, kila mtu ameinamia lake, utadhani wamekaa kwenye foleni ya hospitali. Pia walikuwa wanaona haya, kwa sababu tambi za supu huwezi kuzila bila kuvuta, na kwetu kula kwa sauti ni kukosa malezi. Nikamuuliza Bi Somoe, "Kwani lazima bakuli? Hawa nyumbani kwao wanakula sinia moja." Akafikiri. Wiki ile tukaanza kupanga tambi kwenye sinia, katikati ya watu, supu pembeni kwenye vibakuli. Unachukua tambi kwa mkono, unachovya, unakula. Kelele ikapungua, maneno yakaongezeka. Hilo ndilo lililotujaza wateja wa futari.

Na supu ndiyo iliyokuwa roho ya pale. Kamba walitoka Nyamisati kwa bodaboda, wamelazwa kwenye barafu ndani ya kapu. Nyama tuliiweka kando. Vichwa tulivikaanga kwenye mafuta mpaka mafuta yenyewe yakawa mekundu, tukaviponda, tukatia tangawizi, vitunguu, samaki mkavu na maji. Tui linaingia mwisho, na likishaingia moto unashushwa. Tui lililochemka hovyo hukatika, na supu iliyokatika hata umwite nani hairekebishiki.

Bi Somoe haonji. Au niseme alikuwa haonji. Aliinama juu ya sufuria, akasogeza kanga kando ya uso, akafumba macho, kisha akatoa hukumu. "Chumvi bado." Au, "Imetosha, msiiguse."

"Bi Somoe," nilimwambia, "chumvi haina harufu."

"Kwako wewe."

Sikukubali. Nilimtega. Nilitia chumvi kidogo bila yeye kujua, siku nyingine nikazidisha. Mara nyingi alinikamata, mara nyingine alikosea na kusingizia upepo. Sikuona muujiza hapo. Nafikiri alichonusa ni vichwa vya kamba na jinsi vilivyoiva, na mkono wake ulizoea kiasi cha chumvi kinachofuata. Nikaleta mizani ndogo ya dukani. Nikamwambia, tena mbele ya wateja kwa sababu nilitaka kushinda, kwamba tukijaza sufuria mpaka mahali pamoja na kupima chumvi, supu itakuwa ile ile kila siku, awepo asiwepo.

"Haya," akasema, "basi kesho wateja waisalimie mizani."

Mabenchi yote yalicheka. Mzee Pazi aliiamkia mizani shikamoo. Niliisukuma chini ya benchi la jikoni, na ikakaa huko.

Ramadhani mambo yalibadilika. Mchana mlango wa mbele ulifungwa na tukapika kwa nyuma, sote na njaa zetu, tukipikia watu watakaokuja baada ya magharibi. Hapo ndipo tatizo la kuonja linapoingia, nanyi litawakuta. Kwenye ukuta karibu na dirisha kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kijiko cha mti. Mwanamke aliye kwenye siku zake hafungi, kwa hiyo yeye ndiye anayeonja. Hatangazi wala haulizwi. Anachukua kijiko, anaonja, anakiosha, anakirudisha, na wengine sote tunakuwa na kazi ya haraka upande mwingine.

Mimi nyumbani kwetu Mchukwi nililelewa na baba na kaka zangu, na sheria hiyo sikuijua. Ramadhani yangu ya kwanza pale, tui limeshaingia, nikauliza kwa sauti kama ninayegawa zamu za kuosha vyombo, "Leo wa kuonja ni nani?" Muuza mkaa alikuwa mlangoni. Alitua gunia, akatazama angani, akaondoka bila kuaga. Tatu aliufunika uso wake kwa ungo, mabega yanatikisika.

Bi Somoe alinivuta pembeni. "Rukia. Humu ndani utauliza lote. Uliza magadi, uliza boriti, niulize hata mimi umri. Kijiko hakiulizwi."

"Na kama aliyeonja anaumwa?"

"Hakiulizwi."

Niliitafakari sheria ile kwa siku kadhaa nikitafuta pa kuibomolea. Sikupata. Ilimwachia mwanamke siri yake mahali ambapo kila kitu kingine kilikuwa wazi, na ilifanya hivyo bila kelele. Ni sheria chache nilizozijaribu nikaziona nzuri kuliko hoja zangu. Nikaishika.

Bi Somoe mwenyewe umri huo alishaupita, lakini yeye kijiko hakikumhusu. Siku ambazo hakuna wa kuonja, aliinama juu ya sufuria, akafumba macho, na futari ikatoka. Na alijisifu, hilo tulikubali. "Anayetafuta kijiko Ramadhani huyo hana pua," aliwaambia wateja, nao wakalirudia hilo neno nyumbani kwao. Kumbukeni neno hilo.

Ramadhani ya mwisho ilikuja baada ya masika. Bi Somoe alikuwa ameugua mafua makali, yale ya kulala na kuamka na homa, lakini alikuwa amepona, anaendesha boriti yake kama kawaida. Siku za mwanzo za mfungo supu ikatoka na chumvi ya kutisha. Mzee Pazi alifuturu kwa tende, akachovya tambi, akakohoa.

"Shemeji, leo umeileta bahari yenyewe?"

Bi Somoe akacheka, nasi tukacheka. Jioni iliyofuata supu haikuwa na chumvi kabisa. Safari hii Mzee Pazi alikula polepole, na kwa mara ya kwanza alisahau kuomba sukari.

Kisha likaja kapu la kamba. Bodaboda alikuwa amekwama kwenye tope njiani na barafu yote ilikuwa imeyeyuka. Tatu hakuwepo siku ile. Mimi nilikuwa mlangoni, na kabla kapu halijafunuliwa nilishajua, pua yangu ilikunjamana yenyewe. Bi Somoe alifunua kifuniko, akasogeza kanga, akainama, akafumba macho vile vile kama siku zote.

"Wazuri," akasema. "Wa leo hawa."

Akafumbua macho, akanitazama. Alinitazama muda mrefu.

"Nitawaosha mimi," nikasema.

Nikaenda kuwafukia nyuma ya choo. Supu ya siku hiyo tuliipika kwa samaki mkavu mtupu, nikamwambia kamba walikuwa wachache. Hakubisha. Huyu alikuwa mtu wa kubishana juu ya punje ya pilipili manga.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, nilitoka bombani na ndoo kichwani. Msumari ulikuwa mtupu. Bi Somoe alikuwa amesimama mbele ya sufuria na kijiko mdomoni. Akatema kwenye jivu, akasukutua, akatema. Akachota tena, akaweka kwenye ulimi, akatema. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake akalikosa. Pua ikienda, ulimi nao huwa nusu, hilo nilikuja kulijua baadaye. Na tangu madrasa tumefundishwa kwamba mwenye haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na mfungo wake uko pale pale. Lakini kwenye mlango wa nyuma alikuwa amesimama jirani aliyekuja kuazima ungo. Aliona kijiko kinaingia mdomoni. Hakungoja kuona kinachofuata.

Mimi nilitua ndoo na kugeukia upande mwingine, kama nilivyofundishwa.

Usiku wa kuamkia siku ya pili maneno yalikuwa yameshavuka barabara. Somoe anakula mchana. Na waliolishwa majivuno yake miaka yote ndio walioamini upesi. Si alisema yeye hahitaji kijiko? Basi cha nini, kama si njaa?

Nikaitoa mizani chini ya benchi. Nilijaribu kwenye sufuria ndogo, nikapiga hesabu ya sufuria kubwa, nikapima chumvi, nikaiweka kwenye kibakuli kando ya jiko. Bi Somoe alikiona kibakuli. Akaniona mimi. Akakichukua na kukimimina chote. Supu ilitoka sawasawa, na ya kesho yake, na ya keshokutwa. Kijiko hakikuondoka tena msumarini. Kamba walipokuja, niliwapokea mimi mlangoni. Nilijiona nimelimaliza tatizo, tena kwa adabu, bila mtu kuvunjiwa heshima. Nilijisikia vizuri sana siku zile, na ndilo jambo linaloniuma kuliko yote.

Kwa sababu supu ilikuwa sawa na meza zilikuwa tupu. Mama mmoja aliyechukua futari kwetu kila jioni alituma hotpoti yetu irudishwe, imeoshwa ikang'aa, bila salamu. Tatu alisikia bombani watu wakiuliziana kama futari ya mkono ule inafaa. Bi Somoe aliendelea kudunda kwenye boriti, ila sasa pazia alikuwa amelirudisha.

Jioni moja Mzee Pazi aliingia na watu wachache waliobaki. Alikula tende, akanywa maji, akakaa mbele ya sinia.

"Shemeji," akaita. "Sukari."

Hakuna aliyecheka. Bi Somoe alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Watu wana maneno," Mzee Pazi akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mimi siyashiki. Ila sema neno moja tu hapa, nitalibeba mwenyewe mpaka msikitini."

"Neno gani?"

"Lolote lile, shemeji."

"Nianze tu kujieleza, sijaulizwa na mtu? Nani ataliamini neno la hivyo?" Akatazama meza zote. "Haya. Nilishika kijiko. Mchana, mwezi huu wa Ramadhani, mimi Somoe, nilishika kijiko. Aniulize mtu kwa nini."

Mzee Pazi aliinamisha uso kwenye sinia. Mwanamume hawezi kumuuliza mwanamke swali hilo, hata awe shemeji wa utani. Tatu alikuwa mlango wa jikoni, machozi yanamtoka, na mtoto hamuulizi mama yake mdogo. Wengine walitafuna polepole.

"Jamani, hakuna anayeniuliza?"

Akanigeukia mimi. Na wote wakanigeukia, maana nani mwingine? Bi Maswali. Mtu aliyeuliza zamu ya kuonja mbele ya muuza mkaa.

Nilikuwa na jibu lake kichwani. Nilijua nikiuliza atasema: sina pua tena, nilikuwa naonja na kutema. Na nilijua Kibiti nzima itasikia kwamba mpishi wa tambi za supu hawezi kumtofautisha kamba mzima na aliyeoza. Nani atarudi kula hapo? Nilipima, kama nilivyopima chumvi. Nikaona kunyamaza ndiko kumshika mkono. Nikainama, nikaanza kukusanya vibakuli.

"Haya," akasema Bi Somoe. Kisha tena, taratibu, "Haya."

Idi haikumkuta Kibiti. Kile kibao chekundu alikishusha mwenyewe, boriti akaiacha ukutani, akaenda kukaa kwa dada yake Umwe. Tatu anauza chapati sokoni, mnamjua. Mwenye chumba aliniambia niendelee na mgahawa kwa jina langu. Niliikalia boriti siku moja, nikadunda mara mbili tatu, nikashuka.

Sasa ninyi. Mkija nitawapa magadi, boriti na mizani. Mizani itumieni tangu siku ya kwanza. Msingoje mpishi wenu augue. Kijiko ninacho, na sheria yake bado naiona nzuri, na jikoni kwenu naomba muishike. Ila iko siku haitafaa, na siku hiyo haitakuja na alama. Nimejaribu kutafuta namna ya kuwafundisha kuitambua. Sijaipata. Nina shahada na sijaipata.

Nilichukua muda mrefu kwenda Umwe. Nilipokwenda, nilipika. Supu niliitia kwenye chupa ya chai, tambi nikazifunga kando kwenye jani la mgomba, maana zikisafiri ndani ya supu hufika uji. Nilimkuta uani, kwenye mkeka, anapepeta mpunga.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Umekonda. Huko wanakulisha maswali?"

Nilimwandalia. Alivuta tambi kwa sauti kubwa, bila haya, kama wale wageni wa kambini. Alipofika katikati ya bakuli nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba jioni ile nilikuwa namlinda.

"Najua. Tangu siku ya kamba nilijua unajua. Ulikunja pua mlangoni kabla sijafunua kapu. Nikakutazama, nikasema moyoni, sasa ataniuliza. Ukasema utawaosha."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Mtu akijieleza kabla ya kuulizwa, ungemwamini wewe? Wewe usiyeamini hata chumvi?" Akacheka, kisha akaacha. "Miaka yote uliniuliza, Rukia. Mbele ya wateja, mbele ya muuza mkaa, siku nyingine nilitamani nikutie boriti mdomoni. Nikasema huyu hashindwi. Wote wale sikuwategemea, nilikungoja wewe. Na wewe ukachagua jioni ile ile kuwa na adabu."

"Lakini wangejua huna pua."

"Wangejua. Ningekuwa mpishi asiye na pua, mwenye mizani. Pazi angenicheka mpaka Mfungo Tatu." Akatazama ndani ya bakuli. "Kuchekwa na Pazi nilishakuzoea."

Alimalizia supu, akaniuliza chumvi imetosha, nikamwambia imetosha, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea habari za mbali. Kuku walikuwa wamesogelea mpunga. Nikawafukuza, nikarudi kukaa, nikamgeukia.

"Bi Somoe," nikasema, "kwa nini ulishika kijiko?"

Aliweka bakuli chini. Akafuta mdomo, akajifunga kanga vizuri, akasimama. Kisha akanijibu, kwa ile sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, tangu mafua mpaka kapu la kamba mpaka jivu alilolitemea, bila kuruka kitu, akigeuka upande huu na upande huu, kama tuko mgahawani, ili na wa meza za nyuma wasikie.